Kengele ya Nyumba ya Wageni

Kopo la tende lilikuwa mezani chumbani, na mume wake alikuwa mlimani.

Mwatumu alilitazama kopo hilo, ambalo mumewe hulibeba kila atembeapo. Asubuhi mumewe, mzee mwenye kisukari, alijidunga sindano yake ya insulini, akachukua bakora, akaondoka kutembea. Sukari ikimshuka, hana hata pipi mfukoni. Na sasa ukungu ulikuwa umeumeza mlima wote.

Walikuwa wametoka Johannesburg, wanakoishi, kupumzika siku mbili katika nyumba hii kongwe ya wageni, iliyojengwa enzi za mikokoteni ya ng'ombe. Simu ya mumewe haikupatikana.

Mwenye nyumba, bibi mwenye mvi, alimvuta mkono hadi barazani, kwenye kengele kubwa ya chuma.

"Zamani iliwaita wasafiri waliopotea. Ivute, mwanangu, usiache."

Mwatumu akaliweka kopo la tende miguuni, akavuta. Kamba ilikuwa ya katani, ileile ya kwao Tanga, yenye nyuzi zinazochoma. Viganja vikachubuka. Akazidi kuvuta.

Robo saa ikapita. Nusu saa. Mara bakora ikagonga mawe huko chini.

"Mke wangu," sauti dhaifu ikatoka ukunguni, "utawaamsha mpaka wafu."

Alikuwa amelowa jasho, midomo inamtetemeka, lakini anatembea. Mwatumu alikuwa na maneno mengi ya kumgombeza. Badala yake akamtia tende mdomoni, ya pili, ya tatu, akakaa naye kwenye ngazi ya mawe na kuanza kucheka huku machozi yakimtiririka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Tafuna kwanza. Ugomvi baadaye."