Mlango wa Kushoto

"Gari hili halijagonga hata kuku, Siwema, mwenyewe ame—"

"Umelijua jana, leo unalitetea kama mkwe."

Mshamu na dadake walikuwa wakikatizana mbele ya gari la mbio jekundu, lililolala chini kiasi kwamba paka alilitazama macho kwa macho. Mshamu alikuwa tayari kuuza kiwanja chake ili alipate.

Siwema akatoa sumaku ya friji, akaibandika kwenye boneti. Ikanata. Akaijaribu kwenye mlango wa kushoto. Ikadondoka. Akairudisha, ikadondoka tena.

"Hapa si bati, kaka. Ni puti tupu ya kuzibia palipobonyea, chini ya rangi."

Mshamu akamgeukia muuzaji aliyesimama kando, akitegemea abishe. Yule bwana akaufungua mlango ule taratibu.

"Dada, naomba uingie ukae kidogo," akasema. "Tangu siku ile ya ajali iliyomuua aliyekaa hapa, hakuna aliyekubali kukaa upande huu."