Pampu Imenyamaza

Mfugaji wa chaza aliinamia hadubini. Kufikia leo watoto wa chaza walipaswa kuwa wamejifunika magamba. Magamba yalikuwa yamepinda, nyama imebaki nje, na hakuna hata mmoja aliyetikisika.

Alichovya kidole kwenye tangi, akakinusa. Oili.

Mumewe aliingia akijifuta mikono, uso umemkunjuka. “Umeisikia pampu ya maji leo? Kimya. Nimeimwagia oili ya kutosha, usiumwe tena kichwa na makelele yake.”

Akasogea mezani. “Haya, mama watoto, wanao wanaendeleaje?”

Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Utani huo ulikuwa wa wao wawili tu.

Mumewe alipoinama kuchungulia, mke alizima taa ya hadubini.

“Wamelala,” alisema.