Mahindi ya Pipa Moja

Euphrasie alisimama katikati ya kikao.

"Agronome, ile sumu ya kuvu inaweza kufanya macho ya mutoto ikuwe manjano?"

Alain, mtaalamu wa kilimo aliyekuja Kindu kuwafundisha wakulima kukausha mahindi, aliacha kukunjua turubai lake. Akasema inaweza. Sumu hiyo hushika maini. Macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, na mtoto aliyekwisha dhoofika kwa njaa hachelewi kufa. Mahindi yakivunwa mabichi, yakafungiwa kwenye joto pasipopita hewa, kuvu huota na kuacha sumu ndani ya punje. Kuosha hakuiondoi. Kupika hakuimalizi.

"Na kama nyumba mbili zimekula mahindi ya pipa moja, moja inaweza kulia na ingine ikuwe muzima?"

Hilo nalo hutokea, akajibu. Kuvu haienei sawasawa. Upande mmoja wa gunia unaweza kuwa na sumu na wa pili ukawa safi.

Euphrasie akakaa.

Wakati wa vita, mji ulipozingirwa na hakuna aliyethubutu kwenda shambani, mumewe Tambwe alikuwa amevuna mahindi yake kabla hayajakauka, akayajaza kwenye pipa na kulifukia nyuma ya nyumba ya mke wake wa pili, Marie-Louise, ili askari wasiyaone. Mvua zikanyesha. Chakula kilipokwisha kabisa, alilifukua, akamletea Euphrasie gunia lake.

Bukari, ule ugali wa mahindi hayo, ilikuwa na uchungu kidogo, lakini nani angeimwaga? Tambwe peke yake hakuigusa. Aliisukuma sahani yake mbele ya binti yao, Divine, akasema afadhali mtoto ashibe. Euphrasie hakuusahau wema ule. Kwa ajili yake alimvumilia mengi miaka iliyofuata.

Euphrasie aliugua, akapona. Divine hakupona. Alikufa macho yake yakiwa manjano, na kwa Marie-Louise, waliokula mahindi yale yale, hakuna aliyeumwa hata kichwa. Tambwe ndiye aliyelitamka neno la kwanza: sumu. Wivu wa mke mwenza, alisema. Euphrasie aliamini, na ndicho kilichomvunja zaidi. Wanawake hao walikuwa wakisukana nywele. Euphrasie alipokosa maziwa, Marie-Louise ndiye aliyemnyonyesha Divine pamoja na mwanawe Okito. Kwamba mkono ule ule ungetia sumu!

Marie-Louise alipokuja kwenye matanga, Euphrasie alimtemea mate mbele ya watu. Tambwe akamfukuza siku hiyo hiyo, yeye na mtoto, hata sufuria hakuchukua.

Aliporudi kutoka kikaoni, Euphrasie alimweleza mumewe yote: kuvu, pipa, maini. Akasema walimwonea mtu bure, na kwamba anataka kwenda kumwomba msamaha. Tambwe, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, aliishika fimbo hiyo akainuka. Kisha akasema ya zamani yaachwe, na tena amesikia Marie-Louise alihamia Punia, mbali, wala haijulikani kama yu hai.

Lakini sokoni wauza mchele kutoka Kailo walimwambia Euphrasie kwamba Mama Okito yupo kwao, mzima, na shamba lake ni zuri. Alivuka mto kwa mtumbwi hadi Alunguli, akapanda pikipiki, akafika vumbi limemjaa hadi kwenye kope.

Marie-Louise alikuwa akianika mahindi juu ya kichanja. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Alimtambua mgeni wake mara moja, akamwekea kiti. Euphrasie hakukikalia. Alipiga magoti chini, akaanza kusema, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja: agronome, kuvu isiyoenea sawasawa, bahati mbaya tu, hakuna aliyekosa.

"Unisamehe, dada. Hakukuwa muntu mwenye kuua mutoto wangu. Ilikuwa kuvu."

Marie-Louise alimnyanyua, akamkalisha. Alimletea maji. Alingoja mpaka ayanywe.

"Mama Divine," akasema, "kwa hiyo mpaka leo hakukuambia."

"Nani?"

"Ile kuvu tuliiona. Mahindi ya juu ya pipa ilikuwa mizuri, ya chini ilikuwa imeoza. Mabata yangu mbili ilikula ile ya chini, ikakufa yote. Nikamuonyesha Tambwe, nikamuambia aimwange ku mto. Nikamuona anaitia ku gunia, anashika njia ya kwako. Nikamufuata, nikamukataza; akaapa atanifukuza kama ninakuambia. Alinijibu asema mahindi ya muzuri haiwezi kutosha nyumba mbili."