Nyuma ya Pazia la Ijumaa

Nyuma ya pazia kulikuwa na mashine mbili za sauti ya sinema ya nyumbani, moja yetu, nyingine ya washindani wetu wa mji wa Aarhus. Ndani zilikuwa na bodi ileile ya saketi, maana kiwanda ni kimoja na kinamuuzia kila mtu. Kwenye yetu nilibadilisha njia ya umeme na vichujio vya sauti. Miezi minane.

Kila Ijumaa, baada ya mkate na kahawa, Preben, mwenye karakana, husikiliza bila kuona. Mashine asiyoitambua kuwa yetu haiendi sokoni.

Nikampigia muziki kwa mashine ya kwanza. Kisha nikabonyeza swichi, ikaja ya pili.

"Hii ndiyo yetu, bwana!" alisema, macho kafumba. "Huo mkono wako kabisa!"

Kidole changu kilikuwa bado kwenye swichi. Iliyokuwa ikilia ilikuwa ya Aarhus.

"Umepatia," nikasema.

"Na ile ya kwanza, maskini! Wamenunua bodi wakaifunga tu, hawakuigusa hata kidogo." Akacheka, akamega mkate.

Niliweka kiganja juu ya mashine yetu. Bado ilikuwa na joto.