Kokwa Nyuma ya Mgongo

Vita vilipokwisha porini, wanyama walitaka kumchagua mkuu wao: Fisi au Kanga. Fisi akaamuru kila mnyama ajipange nyuma ya amtakaye, yeye akiwakodolea macho.

Digidigi, aliyefiwa na ndugu vitani, akasema akitetemeka, "Bwana mkubwa, wakubwa hukaa, wadogo ndio huhangaika. Wewe na Kanga kaeni mtupe migongo, nasi tupite nyuma, kila mmoja amwangushie amtakaye kokwa moja."

Fisi akaona amepewa heshima, akakaa.

Kokwa zikahesabiwa, Kanga akashinda.

"Nani kaninyima?" Fisi akafoka.

"Mimi nilikupa," akasema Nyumbu.

"Nami pia," akasema Ngiri. Wote wakaapa hivyo hivyo, Fisi asijue amng'ate nani.

"Na wewe?"

"Nilikupa wewe, bwana mkubwa," akajibu Digidigi, na miguu yake haikutetemeka.