Neno Linalopatana na Baba

Kila maneno mawili yaliyopatana mwisho, mwalimu aliyaandika ubaoni. Meza, cheza. Paka, taka.

"Baba," akasema.

"Saba," darasa likaitikia.

"Kaba," akasema binti wa kaka yake, aliyeketi mbele.

"Hilo umelisikia wapi, mwanangu?"

"Mama humwambia baba, 'Unanikaba.'"

Mwalimu akakumbuka mtandio wa wifi yake, uliozungushwa shingoni mara mbili siku ya jua kali, na jinsi yeye mwenyewe alivyousifu.

Kengele ikalia. Kaka yake alikuwa keshafika mlangoni, meno yote nje.

"Dada, nimemfuata mwanangu."

Mwalimu aligeukia ubao. Chini ya "baba" akaandika "kaba" kwa herufi kubwa, kisha akasogea pembeni ili kaka yake asome.