Siku Moja kwa Kila Sentimita

Mpimaji wa makovu alibisha hodi siku ya tatu baada ya upasuaji wangu. Sheria inatoa siku moja ya mapumziko kwa kila sentimita ya mshono, na mimi nilitolewa mfuko wa nyongo kwa matundu manne madogo. Akaweka rula tumboni, akajumlisha.

"Sentimita tatu, Mama Tausi. Kesho unarudi kazini."

Kazi yangu ni kusonga ugali wa wanafunzi mia nne, shule ya bweni.

"Mwanangu," nikamwambia, "kilichopasuliwa kidogo ni ngozi. Ndani wamekata chote walichokuja kukata. Gesi waliyonijaza tumboni bado inanichoma mpaka begani. Daktari amesema nitembee taratibu, na nisinyanyue kitu kizito wiki mbili. Andika hivyo."

"Fomu haina sehemu ya ndani, mama."

"Basi andika pembeni."

Hakuandika. Akanipa karatasi nisaini. Nikaipokea, nikaifunikia kikombe changu cha uji, nikajilaza.

"Sirudi. Wakinitaka kesho, waje na machela, na huo mwiko washike wao."

Akaanza kukunja rula yake. Binti yangu Tausi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Naye ana mawe kwenye nyongo, anapasuliwa mwezi ujao.

"Kaka," akauliza kwa sauti ya chini, "nikiomba wanipasue tumbo lote kwa kisu, ni siku ngapi?"

Hakushangaa. Alijibu kama mtu anayeulizwa hivyo kila nyumba.

"Ishirini, dada."